Jiwe la Mheshimiwa kwenye Lambo la Bibi Naelijwa

Ipo nchi ambayo jina lake kwenye ramani liliangukia pale karatasi inapokunjwa. Kwa kukunjwa na kukunjuliwa miaka mingi, herufi zimefutika zote, na wenyewe hawana habari, maana wanajijua. Ni nchi nzuri. Mungu kaijalia milima, mito na wizara. Wizara ni nyingi kuliko mito, na hazikauki kiangazi.

Huko juu mlimani Bibi Naelijwa alikuwa na shamba la ekari mbili aliloachiwa na marehemu mumewe, pamoja na mbuzi wanne, migomba, na kazi ya kutunza lambo. Lambo hilo lilichimbwa na babu wa marehemu. Mfereji wa chemchemi hulijaza taratibu, na kukipambazuka mtunzaji huchomoa kizibo, maji yakashuka kwenye mashamba ya nyumba kumi na moja. Kila siku zamu ya nyumba mbili, na Jumamosi ya Bibi peke yake. Jumapili kizibo hakiguswi, kwa kuwa maji nayo yameumbwa na Mungu na yana haki ya kupumzika.

Masika yaliyopita yalikuja na hasira zake, yakabomoa ukingo wa lambo upande wa bondeni. Likabaki pengo la upana wa khanga moja iliyotandazwa, na kina cha mtu mrefu aliyenyoosha mkono juu. Walijaza udongo na magogo ya migomba, maji yakavibeba vyote kama mchezo. Fundi Heriel, mwashi wa usharika, alichungulia pengo akatikisa kichwa.

"Mawe yapo, Bibi. Saruji mifuko sita. Nikikwambia mitano nitakuwa nakudanganya, na mimi ni mwanakwaya."

Mifuko sita! Bibi Naelijwa alikuwa na robo mfuko, nao ulishaganda kwa umande. Na bila lambo hakuna maharage ya kiangazi, na bila maharage watoto wa nyumba kumi na moja wangekula ugali kwa chumvi mpaka masika yarudi, yakiamua kurudi. Akapiga magoti akamweleza Mungu habari za saruji, kwa idadi, ili pasitokee kutoelewana.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, katibu wa usharika akasoma barua yenye mihuri mitatu. Wizara ya Mambo Endelevu na Mengineyo inatoa ruzuku ndogo ndogo kwa mashamba ya familia yenye miradi endelevu. Ruzuku itatolewa kwa vifaa, si kwa fedha, kwani Wizara imefanya utafiti na kugundua kwamba fedha huchoka njiani.

"Amina!" alisema Bibi Naelijwa kwa sauti, ingawa matangazo huwa hayaitikiwi.

Fomu ilikuwa na kurasa arobaini, na aliyeileta aliomba msamaha kwa kuwa ndiyo ile fupi. Bibi alisoma darasa la saba tu, lakini la zamani, la kuandika kwa mwandiko. Akavaa miwani ya marehemu, akakaa nayo mezani siku nne.

Swali la tatu liliuliza jinsia ya shamba. Akaandika: *Halijaolewa.*

Swali la kumi na saba liliuliza mradi utadumu miaka mingapi, na kumtaka mwombaji aambatanishe sahihi za mashahidi wawili watakaokuwepo wakati huo. Akaandika hamsini, akawasainisha wajukuu wawili wa jirani, mmoja kwa dole gumba maana alikuwa bado ananyonya.

Swali la thelathini na moja lilisema: *Je, mvua imeshirikishwa katika hatua zote za kupanga mradi? Eleza.* Hapo alifikiri sana. Mwisho akaandika ukweli: *Mvua tumeishirikisha kwa maombi. Haijajibu.*

Baada ya miezi miwili akaja Bwana Sekivunga, Afisa Endelevu wa Wilaya, kijana mnene mwenye kizibao cha mifuko kumi na miwili, kila mfuko na kalamu yake. Akafungua jalada, akasafisha koo kama anayetaka kuimba.

"Bibi, hongera. Mradi wako wa Urejeshaji Jumuishi wa Miundombinu ya Kimaji Iliyopata Uwazi Usiotarajiwa umepita."

"Wangu mimi ni wa kuziba tundu, mwanangu."

"Ndio huo huo. Mifuko sita ya saruji inakuja Alhamisi."

Bibi Naelijwa alimpikia chai ya maziwa kwa furaha, akamwekea na ndizi za kuchoma. Sekivunga alipokwisha kuondoka ndipo akaja Baba Mchome, jirani wa chini ya lambo, aliyekuwa rafiki wa marehemu tangu utoto. Akamkuta Bibi anaimba. Akavua kofia kama mtu aliyekuja na habari za msiba.

"Shemeji, wamekwambia kuhusu jiwe?"

"Jiwe gani?"

"Njoo."

Akampeleka nyuma ya nyumba yake. Mwaka uliopita Baba Mchome aliomba saruji ya kujengea shimo la samadi, akapewa mifuko mitatu. Katikati ya kabichi zake sasa palikuwa na jiwe la msingi limesimama, limepakwa chokaa, na juu yake bamba: *Jiwe hili la Mradi wa Samadi Endelevu limewekwa na Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya.* Shimo halikuwepo. Samadi ilikuwa pale pale ilipokuwaga, inanuka. Mbuzi mmoja alikuwa analamba jina la Mkuu wa Wilaya.

"Kanuni ya Tisa," alisema Baba Mchome kwa uchungu. "Hakuna mradi bila jiwe la msingi, na jiwe linajengwa kwa saruji ya mradi. Akija diwani, jiwe limfike gotini. Mkuu wa Wilaya, kiunoni. Waziri, limpite kichwa kwa urefu wa mkono, isije picha ikamwonyesha ameinamia kitu. Mimi kiuno kilimaliza mifuko yote mitatu. Na bado kila mwezi natakiwa nilioshe!"

"Hata Mungu alipoumba bahari hakungoja mgeni rasmi," alisema Bibi Naelijwa.

"Ndiyo maana bahari haina bamba, shemeji. Sikia, nenda kaombe diwani. Tena yule wetu ni mfupi. Goti lake ni mfuko mmoja tu, itakubakia mitano."

Bibi Naelijwa alisogea karibu. Alilizunguka lile jiwe mara mbili. Akaligonga kwa kifundo cha kidole, akalisukuma kwa bega. Halikutikisika. Lisemwe lolote juu ya Wizara, mawe yake yalijengwa yakajengeka.

"Ni jiwe zuri," alisema.

"Zuri la nini?"

"Wewe acha."

Kesho yake alivaa gauni la kanisani akashuka wilayani. Ofisi ya Sekivunga ilikuwa na kalenda ya Wizara ukutani, na kwenye kalenda Mheshimiwa Waziri Kirombozi alikuwa amesimama kando ya ng'ombe wa maziwa, wote wawili wakitazama mbele kwa matumaini. Bibi Naelijwa akavaa miwani, akasogea karibu. Waziri hakuwa anamjua, lakini ng'ombe anawajua. Ng'ombe kama yule mgongo wake humfika yeye Bibi kidevuni. Waziri ulimfika kwapani.

"Huyu anatosha," alisema.

"Anatosha nini, Bibi?" aliuliza Sekivunga.

"Anatosha kuwa waziri, mwanangu. Nataka huyu ndiye awe mgeni rasmi wangu."

Sekivunga alidondosha kalamu mbili. Wakulima wote huja kumlilia awape diwani, wengine hulia machozi kabisa ili wapewe mtendaji wa kijiji. Hajawahi kuona mtu anayeomba waziri kwa mdomo wake. Aliandika barua kabla Bibi hajabadili mawazo, na katika barua hiyo alijitaja yeye mwenyewe mara sita.

Habari ilipofika kijijini, Baba Mchome alikuja mbio.

"Shemeji, umerogwa? Waziri ni mifuko yote sita! Hata ya kuzibia tundu la panya haibaki!"

"Hesabu ni hiyo hiyo uliyoifanya, Baba Mchome. Kaa chini unywe chai."

"Sinywi chai ya mtu aliyetuua!" Lakini alikaa, na alikunywa vikombe viwili.

Sasa ikabaki jiwe litasimama wapi. Kanuni ilisema litasimama mbele ya meza kuu, na meza kuu itakaa penye kivuli na mandhari, kwa uamuzi wa Kamati ya Kivuli. Kamati hiyo ilikuwa na wajumbe wanne wa kutoka makao makuu, na ilitarajiwa kuzunguka shamba zima na vyombo vya kupimia.

Bibi Naelijwa hakuwa na chombo cha kupimia. Alikuwa na vitambaa vya kufuma. Asubuhi waliyokuja alibeba viti vinne na kimeza, akavipanga chini ya mkuyu ulio bondeni mwa lambo, vikitazama pengo. Kila kiti akakitandika kitambaa cheupe cha kufuma kwenye egemeo, cheupe cha kuumiza macho, chenye maua pembeni. Kila mtu wa nchi ile anajua kiti chenye kitambaa ni cha nani. Mwananchi hakikalii hata akizimia. Mkubwa naye akikiona hawezi kukipita, miguu yake humpeleka yenyewe.

Kamati ilishuka kwenye gari, ikatazama kushoto, ikatazama kulia, ikaona vitambaa. Ikaenda ikaketi. Ikaletewa chai. Baada ya chai mwenyekiti akaangalia mbele yake akaliona pengo.

"Hapa pana mandhari," alisema.

"Pana uwazi," alisema wa pili.

"Jiwe likae hapo kwenye uwazi, lionekane vizuri," alisema wa tatu. Wa nne alikuwa anakula ndizi, akakubali kwa kichwa. Vyombo vya kupimia vikarudi kwenye gari bila kufunguliwa.

Baba Mchome alikuwa amesimama pembeni na kofia mkononi. Akalitazama pengo. Akakitazama kitambaa. Akamtazama Bibi Naelijwa. Halafu akakaa chini kwenye majani akafunika uso kwa ile kofia, mabega yakimtikisika, na Kamati ikaandika kwamba wananchi wa pale wana uzalendo hata wanalia.

Fundi Heriel akaanza kazi. Mfereji ukageuziwa pembeni kwa muda, msingi ukachimbwa mpaka kwenye mwamba, maana Bibi alimnong'oneza Sekivunga jambo moja tu: "Likimwangukia Mheshimiwa mbele ya kamera, wataandika jina la nani?" Sekivunga akaongeza mfuko wa saba kutoka stoo yake na nondo nne. Nyumba kumi na moja zikajitolea mawe, na akina mama wakashindilia mfinyanzi pande zote mbili za jiwe, kwa ajili ya urembo, kama ilivyoandikwa kwenye ripoti.

Kulikuwa na jambo la pazia. Waziri wa nchi ile havuti pazia kwa mkono wake kama mtu anayefungua dirisha. Yeye huinua kidole, na pazia huanguka lenyewe kwa heshima. Ili lianguke lenyewe, kamba yake hupitishwa kwenye bomba linalotoboa jiwe toka mbele mpaka nyuma, na huko nyuma huchuchumaa mtumishi wa serikali asiyeonekana, akivuta.

"Bomba litokee wapi?" aliuliza Fundi Heriel.

"Chini kabisa," alisema Bibi Naelijwa upesi. "Kamba isije ikaonekana kwenye picha."

"Bibi ana jicho la protokali," alisema Sekivunga kwa kuvutiwa. Hakujua bado kwamba huyo mtumishi asiyeonekana ni yeye.

Saruji ilikaa wiki mbili, ikakomaa. Sherehe ikapangwa Jumatatu. Barua ya mwisho kutoka wizarani ilisema eneo la mradi liachwe katika hali yake ya kawaida ya kila siku. Bibi Naelijwa ni mtiifu kwa mamlaka, maana zimewekwa na Mungu. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, kama kawaida ya kila siku, akachukua jembe akaurudisha mfereji lamboni.

Mheshimiwa Waziri alifika saa sita, akifuatwa na magari tisa na mwavuli mmoja. Miguu yake ikampeleka kwenye kitambaa. Kwaya ikaimba, diwani akawatambulisha wageni, wageni wakamtambulisha diwani. Sekivunga, akiwa na suti mpya, akashuka ndani ya lambo, nyuma ya jiwe, akachuchumaa na kamba yake. Maji wakati huo yalikuwa yamelowesha soli tu.

Waziri akasimama.

"Ndugu wananchi! Uendelevu ni nini?" Hakuna aliyejua. "Uendelevu ni ule uendelevu ambao unaendelea. Ukikoma, huo si uendelevu. Huo ni mapumziko!"

Makofi. Alianza na utangulizi, akafuatisha dibaji, halafu akatangulia tena. Alizungumzia bahari, ingawa nchi ile haina. Alisema yeye mwenyewe ni mtoto wa mkulima mdogo, wa ekari elfu tatu. Bibi Naelijwa alikuwa ameketi pembeni mahali anapoona mbele na nyuma ya jiwe, na kila Waziri alipofungua ukurasa, alimwona Sekivunga amezama kiasi. Kwenye ukurasa wa nne maji yalikuwa magotini. Kwenye wa tisa, kiunoni, na kalamu zilianza kuelea.

"Bibi!" Sekivunga alimwita kwa mnong'ono mkali. "Bibi, maji!"

"Nayaona, mwanangu. Bwana asifiwe."

"Nitoke?"

"Ukitoka utaonekana. Amebakiza kurasa tano."

Masikini, akabaki. Ni lazima isemwe kwamba hakuna mtumishi wa nchi ile aliyewahi kulitumikia taifa mpaka hapo, yaani mpaka kifuani. Mwisho Waziri akafunga karatasi, akainua kidole, na Sekivunga akavuta kamba kwa nguvu zote za mtu anayetaka kwenda nyumbani. Pazia likaanguka. Kamba ikachomoka yote, pamoja na kizibo cha matambara ambacho Bibi alikuwa ameifungia ndani ya bomba. Na chini ya maandishi *MHESHIMIWA KIROMBOZI, WAZIRI*, kupitia bomba, maji yakatoka fyuuu, meupe, yakapita kando ya viatu vya Waziri, yakaingia kwenye mfereji mkavu, yakateremka moja kwa moja kuelekea kwa Baba Mchome, maana Jumatatu ni zamu yake.

Watu wa Waziri walitazamana. Waziri aliyatazama maji, akatazama kidole chake. Akakiinua tena kidogo, kujaribu. Maji yaliendelea.

"Huu," alisema kwa sauti ya mtu aliyeguswa, "ndio uendelevu."

Wanawake wakapiga vigelegele vya kupasua mbingu, na Baba Mchome akakimbia kuyafuata maji huku akiyaita kwa majina. Bibi Naelijwa aliondoa kitambaa kimoja kwenye kiti akampelekea Sekivunga ajifutie uso.

Mambo mazuri katika nchi ile hayaachwi hivi hivi. Kabla mwezi haujaisha ikaja barua: imebainika kwamba jiwe la msingi tajwa linazuia maji, kinyume na Kanuni ya Kumi na Nne, isemayo jiwe la msingi ni la kutazamwa tu. Livunjwe. Ikaja na Kamati ya Kurejesha Mawe Katika Hali ya Kutazamwa, watu watano na nyundo moja.

Lambo lilikuwa limejaa. Maharage yalikuwa ndiyo kwanza yametoa maua, ya nyumba zote kumi na moja, na zilibaki wiki nane mpaka kuvuna. Watu walikusanyika. Bibi Naelijwa alisimama kando ya jiwe amekunja mikono kwenye khanga.

"Haya, wanangu, kazi ni kazi," alisema. "Niambieni tu, mtaanza kupiga wapi? Kwenye jina au kwenye cheo?"

Mwenye nyundo alikuwa ameshainyanyua. Akasoma bamba. Akaishusha.

"Anza wewe," akamwambia wa pili.

"Mimi ni mwandishi wa kikao."

Wa tatu alisema mkono una baridi yabisi. Wa nne aliishika nyundo kidogo akahisi kama inampiga picha. Nyundo ilizunguka mara mbili, ikarudi kwa mwenyewe. Wa tano akafungua kitabu cha kanuni akatangaza, na jasho likimtoka kwa shukrani, kwamba kuvunja jina kunahitaji sahihi ya mwenye jina.

"Nani atampelekea?" aliuliza Bibi Naelijwa.

Wakanywa chai. Ripoti yao ipo mpaka leo wizarani, na inasema: *Jiwe limekutwa imara na linatazamika. Maji yanayodaiwa kuwa nyuma yake hayakuonekana, kwa kuwa Kamati ilisimama mbele.*

Tangu siku hiyo Bibi Naelijwa, kila asubuhi akichomoa kizibo, anamwombea Mheshimiwa Kirombozi asifukuzwe kazi. Anamtaja kwa jina na cheo, kama kwenye bamba. Yumkini ni waziri pekee wa nchi ile anayeombewa hivyo na mtu asiye ndugu yake, na kwa moyo wote.

Akadumu wiki tano. Siku hiyo Bibi alikuwa anapalilia, akamwona Baba Mchome anapanda mlima mbio, redio kwapani, kofia imempotea.

"Shemeji, tumekwisha! Kirombozi katupwa! Wameteua mwingine sasa hivi, wanasema kila chenye jina la yule kiondolewe! Watakuja na nyundo, na safari hii watapiga!"

Bibi Naelijwa akaegemea jembe. Akayatazama maharage, yaliyobakiza wiki tatu. Akalitazama jiwe, halafu ukingo wa lambo upande wa mashariki, ambao tangu masika yale nao ulikuwa umeanza kupasuka.

"Bamba wakaling'oe, ni skurubu nne tu, bisibisi ninayo," alisema. "Mahali pake watataka la huyu mpya, na jina la mkubwa haliwekwi juu ya jiwe lililovunjika. Tena atataka na jiwe lake mwenyewe." Akafikiri. "Huyo mpya ana urefu gani?"

"Redio haikusema, shemeji!"

"Basi nenda wilayani ukaitazame kalenda," alisema Bibi Naelijwa, akaingia ndani kupiga pasi vitambaa.